Meza ya Karatasi: Nimefungua tranka la zamani, nianzie wapi?

Habari zenu wapendwa. Toleo lililopita nliandika mistari michache tu hapa kuhusu kadi ya ubatizo nliyomtengenezea mtoto wa jirani kwa kipande cha kitenge, na nikagusia kwa kupita kwamba nimerudi kwenye kutengeneza vitabu vya kumbukumbu, vile wengine wanaviita skrapubuku, yani albamu ambayo ndani yake unabandika picha, tiketi, kadi, vipande vya vitambaa na maneno yako mwenyewe umeyaandika pembeni kwa mkono. Jamani maswali yalivyomiminika! Kumbe tupo wengi tuliokua tunafanya haya mambo tukaacha, na wengi mnataka kurudi ila hamjui pa kushika. Nimechagua sita, mengine nimeyaweka kwa ajili ya mbele.

*Anti habari. Mi ni mtumishi wa serikali, tulihamia Dodoma 2019 kutoka Dar. Nlivokua shule ya bweni na baadae chuo nlikua natengeneza kadi, bwenini walikua wananipa oda za kadi za sakses na za bethdei, na nlikua na madaftari matatu makubwa nimebandika picha na barua na vitu vya kila aina. Afu kazi, ndoa, watoto, nikaacha kabisa, inafika miaka kumi na tano sasa. Juzi nafungua tranka langu la shule nikakuta vyote vimo, gundi imekauka kama jiwe, karatasi zimegeuka njano, maka peni hata moja haitoi wino. Nlikaa chini nikalia. Nataka kurudi lakini naona mkono umesahau, na nikiangalia video za mtandaoni wana mashine na makaratasi ambayo hapa sijawahi kuyaona. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya watoto wa shule. Nianzie wapi?* — Mama wa watoto wawili, Kisasa

Dada yangu, pole kwa machozi na hongera kwa kulihifadhi hilo tranka, maana umelibeba toka shule mpaka Dar mpaka Dodoma na hukulitupa njiani, kwahiyo mi naona hukuwahi kuacha moja kwa moja.

Kitu cha kwanza usinunue chochote wiki hii. Najua mkono unawasha kwenda madukani ila subiri. Toa vitu vyote utandaze kitandani au kwenye mkeka, gundi na maka peni zilizokufa tupa, hazina rudi. Afu tenganisha vitu vya gazeti na picha. Gazeti linageuka njano kwasababu limetengenezwa kwa mbao iliyosagwa tu na ndani yake bado kuna kitu kinaitwa lignini, kikikaa na mwanga na hewa kinabadilika rangi na kutoa asidi, na hiyo asidi haibaki kwenye gazeti, inahamia kwenye picha iliyolala jirani yake. Kwahiyo kipande cha gazeti unachokipenda kitoe fotokopi kwenye karatasi nzuri ubandike hiyo kopi, chenyewe kiweke kwenye bahasha yake peke yake. Ila yale madaftari matatu usiyabomoe kabisa, hata kama unayaonea aibu kwa yale maua ya maka peni. Hayo ni maandishi yako ya umri ule, yaache yalivyo.

Kuhusu mkono kusahau, mkono hausahau ila unakua mgumu, kama mguu uliokaa muda mrefu kwenye basi. Usianze na kadi ya mtu muhimu. Chukua karatasi za fotokopi za kawaida, kata na kunja kadi tano za mchoro mmoja, ileile mara tano, ya tano utaona inanyooka yenyewe. Nlifanya hivi nlivorudi na ya kwanza ilikua imepinda kweli, lakini jioni ileile ya tano nkampa mama mkwe na bado ameiweka kwenye kabati la vyombo.

Vifaa sasa. Hizo mashine za kwenye video ni nzuri sikatai, ila unaweza kufanya kazi safi kabisa na mkasi unaokata vizuri, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi, penseli, gundi ya stiki na manila. Manila ukiinunua ishike, uliza gramu kama muuzaji anajua, yani uzito wa karatasi ya mita moja ya mraba, ndo unaonyesha unene wake. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, kadi inayosimama mezani bila kulala inataka kama 200 hivi kwenda juu, ikivuka 300 inakua kazi kuikunja. Na kukunja kwenyewe ndio mahali kadi za nyumbani zinapoharibika, watu wanakunja tu kwa vidole afu mkunjo unapasuka unaonyesha nyuzi nyeupe. Chukua peni ya biki iliyoisha wino, weka rula katikati, pitisha ile peni ukikandamiza ili ifanye mfereji, ndo ukunje kufuata ule mfereji afu usugue kwa mgongo wa kijiko. Utashangaa. Hapo umeshapata nusu ya kile wanachofanya wenye mashine.

Karatasi za maua usizitafute sana. Nenda kwa mafundi cherehani pale Soko la Majengo, waombe vipande vya kitenge na vya batiki vilivyobaki, wengi watakupa bure mfuko mzima maana kwao ni takataka. Kitambaa kipake gundi kidogo mgongoni kwanza kikauke ndo ukikate, hakitatoa nyuzi. Katani, shanga, majani yaliyokaushwa ndani ya kitabu kizito, maganda ya vitunguu, yote hayo yapo mjini kwetu hapa na hayafanani na ya mtu yeyote wa Marekani.

Na kitabu chenyewe, wale wa kwenye video wanatumia kurasa za inchi 12 kwa 12, ambazo ni kama sentimita 30 kila upande, huku kwetu ni shida kuzipata. Mi natumia kaunta buku ya kwaya 3, jalada gumu. Shida yake ni moja tu, ukibandika picha kila ukurasa kitabu kinavimba mpaka kinakataa kufunga na mgongo unakatika. Dawa ni hii, kabla hujaanza kubandika kata ukurasa mmoja katika kila mitatu, ila usiukate wote, acha kishina cha upana wa kidole kule ndani kwenye mshono, hivyo vishina vinashikilia mgongo na kuacha nafasi ya unene wa picha.

Shemeji nae mwambie hivi. Mark Twain, yule mwandishi mkubwa wa Marekani, alikua mpenzi wa hivi vitabu kiasi kwamba mwaka 1873 alipata hataza, yani haki ya kisheria ya mbunifu, ya albamu aliyoibuni mwenyewe, kurasa zake zilikua tayari zina gundi iliyokauka, unalowesha kidogo unabandika. Alikua mtu mzima mwenye familia, si mtoto wa shule. Lakini kuliko kubishana nae, mpe ukurasa mmoja. Muombe aandike anachokumbuka siku mliyohamia Dodoma, nani alipakia mizigo, mlikula nini njiani, usiku wa kwanza mlilalaje. Mwanaume akishaandika ukurasa wake mwenyewe hatasema tena ni mambo ya watoto.

Ukurasa wako wa kwanza ufanye uwe wa hilo tranka. Lipige picha likiwa wazi na vitu vyake kabla hujapanga, uiprinti, ubandike, uandike chini kile ulichoniandikia mimi. Tayari ni maneno mazuri.

*Mambo anti, kila nikibandika picha au karatasi inajikunja inakua na mawimbi kama bati la nyumba. Nimebadilisha gundi mara tatu. Tatizo nini?* — Nkuhungu

Tatizo ni maji. Gundi nyingi za bei nafuu, ile nyeupe ya mbao na ya chupa ya ofisini, zina maji mengi, na karatasi ikinywa maji nyuzi zake zinavimba upande mmoja, afu hewa yetu ya Dodoma ni kavu mno hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba kwahiyo juu kunakauka haraka na chini bado pamelowa, lazima ivutane. Kwa karatasi nyembamba tumia gundi ya stiki au tepu ya gundi pande mbili. Kama una gundi nyeupe tu, ipake kwa brashi au kipande cha sponji iwe nyembamba kama mafuta ya ngozi, paka toka katikati kwenda pembeni, bandika, weka karatasi safi juu, afu vitabu vizito mpaka kesho yake. Uji wa unga wa ngano pia unabandika vizuri sana, bibi zetu walitumia, ila upike uive kabisa na uupake kidogo, na usiutumie karibu na picha kwasababu wadudu wanaupenda.

Supaglu usiiguse kwenye karatasi. Inatoboa upande wa pili na kuacha doa gumu.

Na fanya kazi ndani, madirisha yamefungwa kwenye ile miezi ya upepo, vumbi likishaingia kwenye gundi mbichi halitoki.

*Mwanangu, mimi ni mstaafu wa reli, nipo Manyoni. Nina albamu mbili za zile za kunata zenye plastiki juu, tulinunua miaka ya themanini. Kuna picha za harusi yetu, za kazini stesheni, na za watoto wakiwa wadogo. Mama yao ametangulia mwaka juzi. Wajukuu wanataka picha za bibi yao, nikijaribu kuzitoa zinaanza kuchanika. Kijana mmoja ameniambia nizipeleke zikapigwe lamineti zisiharibike. Nishauri kabla sijaharibu.* — Babu, Manyoni

Shikamoo mzee wangu. Pole sana kwa msiba wa mama. Na nashukuru mno umeuliza kabla.

Lamineti hapana, mzee. Najua mtaani kila kitu kinapigwa lamineti, vyeti, picha, vitambulisho, lakini ile ni plastiki inayoyeyushwa kwa moto ikashikana na picha na haitoki tena milele, likiingia tatizo ndani huna namna ya kulifikia. Picha halisi ya zamani isiguse lamineti. Ukitaka ya kubandika ukutani, toa kopi ndo kopi ipigwe.

Sasa hizo albamu za kunata, zile kurasa zina mistari ya gundi, na ile gundi kadri miaka inavyoenda inakua kali na ya njano, na plastiki ya juu mara nyingi si nzuri kwa picha. Kwahiyo ni kweli inabidi zitoke, lakini taratibu. Kabla hujatoa hata moja, muite mjukuu mwenye simu nzuri, mkae barazani kivulini mchana, sio juani, azime flashi, afunue ile plastiki kama inafunuka kirahisi, apige kila ukurasa mzima kwanza ndo apige picha mojamoja. Hata ikitokea moja imechanika baadae utakua nayo. Na ule mpangilio wa kurasa mama aliupanga kwa mkono wake, usipotee.

Kutoa, tumia uzi wa meno, ule wa kawaida usio na nta wala harufu, unauzwa kwenye maduka ya dawa. Kama haupo chukua uzi mwembamba wa nailoni. Ushike kwa mikono miwili uupitishe chini ya pembe ya picha, afu uvute kulia kushoto kama unakata kwa msumeno, polepole, ukienda mbele kidogokidogo. Picha ikae imelala, usiikunje kuivuta. Usitumie maji, usitumie pasi wala mvuke wala chombo cha kukaushia nywele. Ikikataa kabisa iache. Kata ukurasa kuizunguka ubaki nayo pamoja na kipande chake cha nyuma, si aibu, ni bora kuliko kuchana uso wa mtu.

Zikishatoka usizibandike tena kwa gundi. Mjukuu akunje vipembe vidogo vya karatasi, kama vifuko vya pembe tatu, gundi inakaa kwenye kipembe na picha inachomekwa tu, siku yoyote inatoka. Selotepu hapana, inageuka njano na kula picha. Hifadhi kwenye boksi ndani ya chumba cha kulala, sio juu ya dari chini ya bati maana huko joto letu la kanda ya kati linapika, na sio sakafuni. Mchwa wa huku unawajua kuliko mimi, kwahiyo boksi au tranka liinuliwe juu ya matofali lisiguse ukuta, na lifunguliwe kila baada ya wiki chache kuangalia.

Lakini mzee, kuliko yote haya niliyoandika naomba hili moja. Andika majina. Picha za zamani nyuma yake ni karatasi, unageuza picha kifudifudi juu ya kitu laini safi, unaandika kwa penseli laini ya 2B pembeni bila kukandamiza, sio kwa peni, wino unapita na unaacha alama mbele. Kama nyuma ni plastiki na penseli inateleza, andika kwenye ukurasa wa albamu mpya. Jina lote, na jina la utani walilomuita, stesheni gani, mwaka gani hata kama ni wa kukisia.

Nakuomba hivyo kwasababu nina picha moja ya mama yangu, yuko Hombolo chini ya mbuyu, msichana bado, na pembeni yake kuna mwanamke mwingine wamekamatana mikono wanacheka, yani wanacheka mpaka macho yamefumba. Mama alifariki sijawahi kumuuliza huyo ni nani. Nimeuliza mama wadogo wote, nimeuliza majirani wa zamani, nimeipeleka hiyo picha mpaka Hombolo kwa wazee, hakuna anayemjua. Nimempa ukurasa wake mzima na nimeandika chini "rafiki wa mama", basi, ndo yote ninayoweza kumpa. Yule mtu alikua na jina na mama alilijua.

Kwahiyo kaa na mjukuu, yeye awashe simu irekodi sauti, wewe funua ukurasa mmojammoja na useme. Usijali kupangilia. Kama uliongea na mama kwa Kigogo sema kwa Kigogo, na mjukuu aandike hivohivo ulivotamka. Jioni moja ukurasa mmoja inatosha.

*Dada mimi nipo UDOM mwaka wa pili, nauza kadi za mkono hosteli, nauza 1,500 kwasababu kuna mwingine anauza hivo. Naona zinaenda lakini hela siioni. Nakosea wapi?* — Mwanachuo

Hukosei kutengeneza mdogo wangu, unakosea hesabu, tukae chini. Namba hizi ni za mfano, wewe weka za kwako. Karatasi moja ya A4 ukiikata katikati inatoa kadi mbili ndogo, kila nusu ukiikunja inakua A6, inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Manila kubwa ya saizi ya A1 inatoa A4 nane, maana yake kadi 16. Tuseme manila ni 1,500, basi kila kadi imekula kama shilingi 94. Bahasha 200, urembo wa kitambaa na shanga 300, gundi 50. Umefika 644 na bado hujajilipa. Kama kadi moja inakuchukua dakika 40, na saa yako moja unaihesabu 3,000, kazi peke yake ni 2,000. Jumla 2,644 afu unauza 1,500. Hapo kila kadi inayotoka unamlipa mteja ili aichukue!

Dawa si kupandisha bei tu. Acha kutengeneza kadi moja mpaka iishe ndo uanze nyingine. Jumamosi kata zote 16, afu kunja zote, afu bandika vitambaa vyote, afu shanga zote. Utashuka mpaka dakika 15 kwa kadi, hapo kazi inakua 750, jumla kama 1,400, ukiuza 2,000 umepata kitu. Zile za oda maalum zenye jina la mtu na picha, hizo bei yake ni nyingine kabisa na usione aibu kuitaja.

Jipange na misimu. Darasa la saba mtihani ni Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei, kwahiyo kadi za sakses zianze kuonekana mwezi mzima kabla. Kwaresima harusi za Wakristo wengi zinasimama, baada ya Pasaka ndo send-off na harusi zinafunguka. Idd na Krismasi unazijua. Oda ya kadi za mwaliko 300 peke yako wiki mbili usiichukue hata wakikubembeleza, na kila oda ichukulie advansi ya kutosha kununua vifaa. Afu majina, mteja akutumie kwa maandishi, wewe umrudishie ulivyoandika athibitishe. Niliwahi kukosea herufi moja tu kwenye jina la bibi harusi, kadi zote zikarudiwa.

*Anti hujambo. Nafundisha shule ya msingi huku Kondoa. Kila mwisho wa mwaka watoto wanatengeneza kadi na kila mwaka wanachora theluji na yule mzee mwenye ndevu nyeupe, hata wale ambao kwao hawasherehekei Krismasi. Nataka mwaka huu iwe tofauti na vifaa sina.* — Mwalimu, Kondoa

Sijambo mwalimu, na swali lako nimelipenda mno. Wanachora theluji kwasababu kadi za dukani zina theluji, hawajaonyeshwa nyingine. Lakini hata kadi ya Krismasi inayojulikana kuwa ya kwanza kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa, ile iliyotoka London 1843, Henry Cole ndo aliagiza na John Callcott Horsley akachora, haikua na theluji. Ilikua na familia mezani wameinua glasi, na pembeni watu wanawapa maskini chakula na nguo. Walichora kwao.

Kwenu Desemba kuna nini? Mvua za kwanza, mibuyu iliyokaa mitupu miezi mingi inatoa majani, watu wako shambani wanapanda, ardhi nyekundu imelowa. Watoe watoto nje nusu saa wachore wanachokiona kabla ya kugusa kadi. Kwa watoto wa Kiislamu, na kwenu ni wengi, kadi za Idd zipendeze kwa mapambo ya mistari na nyota na mwezi mwandamo, na mpangilio wa ukili kwenye mikeka ni mwalimu mzuri sana wa hayo mapambo, leta mkeka darasani muuhesabu, miraba mingapi inajirudia kabla ya kubadilika.

Rangi tengenezeni. Udongo mwekundu uchekeche kwa kitambaa ubaki unga mlaini, changanya na gundi nyeupe na maji kidogo, mnapata rangi nzuri ya kahawia nyekundu isiyopukutika. Maganda ya vitunguu yakichemshwa yanapaka karatasi njano ya dhahabu. Mkaa uliosagwa unatoa nyeusi. Na mko jirani na michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, mingi imechorwa kwa rangi nyekundu ya ardhini. Waonyeshe, waambie waliochora hapa walitumia rangi ya nchi hii hii. Ila mkienda mtoto asiguse mwamba wala kumwagia maji ili picha ionekane vizuri kwenye simu, maji yanaiharibu.

Bahasha msinunue. A4 moja inakunjwa kuzunguka kadi, pembe zinabandikwa kwa uji wa ngano, na mdomo mnaacha wazi mpaka kadi iingie.

*Anti nina picha zaidi ya elfu sita kwenye simu, za wanangu tu. Nikifikiria kuchagua za kuweka kwenye kitabu nachoka kabla sijaanza.* — Mama wa Chamwino

Usichague kwenye elfu sita, utaumwa kichwa bure. Kwanza zihamishe zikae mahali pengine pia, kwenye kompyuta au flashi ya mtu unayemuamini, simu inaanguka kwenye ndoo ya maji siku usiyotegemea. Afu chukua mwezi uliopita peke yake. Tafuta picha moja tu, sio iliyo nzuri kuliko zote, ile ambayo ukiiona kuna kitu unataka kumuelezea mtu. Iprinti studio saizi ya 4R, ile ya sentimita 10 kwa 15, bandika, andika mistari mitatu. Mwezi ujao nyingine. Mwaka ukiisha una kurasa 12, na hicho ni kitabu tayari. Ya nyuma utayarudia ukipenda, mwaka mmoja mmoja.

Na kwenye hiyo mistari mitatu andika pia nani alishika simu. Nina uhakika kwenye hizo elfu sita wewe haumo, wewe ndo ulikua unapiga. Mwezi huu mpe mtoto simu akupige ukiwa jikoni hivohivo na khanga yako, hata ikitoka imepinda, na hiyo ndo ibandike.